Mahakama mpya nyanda za juu Kigoma: Je, ramani imemkumbuka anayesubiri nje?

MVUA inapopiga juu ya paa la bati lisilo na dari nzuri, chumba cha mahakama hugeuka ngoma. Shahidi hupaza sauti, mwendesha mashtaka hurudia swali, naye hakimu huinua mkono kuwataka wote wasubiri hadi mvua ipungue. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, kero hiyo hudumu zaidi ya nusu ya mwaka.

Kwa mtazamo wa haraka, kelele za mvua ni jambo dogo. Lakini katika mahakama za chini nchini, kwa miongo mingi ushahidi umeandikwa kwa mkono wa hakimu mwenyewe. Mahakama ya juu inayosikiliza rufani kwa kawaida haimwiti shahidi upya, husoma kilichoandikwa. Neno lililomezwa na mvua Kasulu au Kibondo haliwezi kusikika tena Kigoma mjini, wala Dodoma, wala Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, dari ya chumba cha mahakama haipaswi kuhesabiwa kuwa pambo. Ni sehemu ya haki yenyewe.

Suala la namna majengo ya mahakama yanavyobuniwa limepata uzito mpya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 65 kwa ajili ya kuboresha huduma za Mahakama ya Tanzania, katika mradi ambao jina lake lenyewe lilimweka mwananchi katikati. Tangu hapo majengo mapya yamechomoza katika mikoa mingi: ya Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na Mahakama Kuu, pamoja na vituo jumuishi vya utoaji haki sita vilivyozinduliwa mwaka 2021 katika Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, na jijini Dar es Salaam katika Kinondoni na Temeke. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua makao makuu ya Mahakama jijini Dodoma, jengo kubwa ambalo halikuwa na mfano wake katika historia ya mhimili huo.

Hakuna mwenye nia njema anayeweza kulalamikia ujenzi huo. Miaka mingi mahakimu wamefanya kazi katika majengo chakavu, mengine ya kuazima, huku majalada yakilowa na mchwa wakijipatia riziki masijala. Hata hivyo, wingi wa majengo mapya unazaa swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha: nyumba ya haki inayofaa mji wa pwani inafaa pia vilima vya Buha? Na ramani inapochorwa, nani huwakilishwa mezani zaidi: anayekaa ndani ya ofisi, au anayesubiri nje?

Umbali kabla ya jengo

Historia ya mahakama katika Kigoma ni historia ya umbali. Kabla ya Mahakama Kuu kufungua masijala yake mjini Kigoma, mashauri ya mkoa huo yaliyohitaji Mahakama Kuu yalikuwa chini ya Tabora, takriban kilomita 400 kwa njia ya reli. Majaji walikwenda Kigoma kwa vikao maalumu, na kati ya kikao na kikao mshtakiwa wa kesi ya mauaji aliendelea kuhesabu miezi gerezani. Kufika kwa Mahakama Kuu mkoani kumeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini kwa mkazi wa Kibondo, Kigoma mjini bado ni safari ya zaidi ya kilomita 200.

Kwa sehemu kubwa ya wananchi, mahakama wanayoijua kwa macho yao ni ya mwanzo au ya wilaya, na kwa muda mrefu miji miwili ya Kasulu na Kibondo ndiyo iliyobeba mzigo wa nyanda za juu. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 261,331 Kibondo na 167,555 Kakonko. Kwa upande wa Kasulu, halmashauri ya wilaya ilikuwa na watu 425,794, halmashauri ya mji 208,244, na Buhigwe 254,342. Jumla yao ni zaidi ya watu milioni 1.3. Miaka kumi baadaye, Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa mkoa mzima umepanda kutoka watu 2,127,930 hadi 2,470,967.

Takwimu hizo zina maana kwa mchora ramani. Mwananchi anayetoka kijiji cha mbali kwa shauri la mirathi hafiki mahakamani saa tatu asubuhi kama karani anayeishi mjini. Huenda alilala kwa ndugu jana yake, au alipanda bodaboda alfajiri na kushuka akiwa amelowa, miguu imejaa udongo mwekundu. Amebeba mtoto, bahasha ya nyaraka na viazi vya kuchemsha. Shauri lake linaweza kuitwa saa nne, au saa nane, au lisiitwe kabisa na kuahirishwa. Katika siku hiyo nzima, dakika atakazosimama mbele ya hakimu ni chache mno. Saa zilizobaki atazitumia kusubiri.

Kwa hesabu hiyo, chumba kinachotumiwa kuliko vyote katika mahakama ya wilaya ni mahali pa kusubiri. Ajabu ni kwamba mahali hapo ndipo hupunguzwa kwanza bajeti inapobana. Ofisi hubaki, ukumbi wa mahakama hubaki, maegesho ya magari hubaki. Kinachokatwa ni upenu, benchi na vyoo vya umma. Mwananchi huishia chini ya mwembe, na mvua ikija hukimbilia kwa mama lishe aliye jirani. Jina lake likiitwa hasikii. Mdai asiyeitika shauri lake linaweza kufutwa. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asiyeitika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Ukosefu wa upenu unaweza kumgharimu mtu shamba au uhuru wake.

Neno baraza

Lugha ya Kiswahili ililijua jambo hili kabla ya wasanifu majengo. Neno baraza lina maana mbili ambazo si rahisi kuzitenganisha. La kwanza ni kibaraza, ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye kivuli ambako wenyeji na wageni huketi. La pili ni kikao cha watu wanaojadili na kuamua. Mahali palikizaa kikao, na kikao kikachukua jina la mahali.

Sheria za nchi zimelihifadhi neno hilo kwa namna ya kushangaza. Wanandoa wenye mgogoro hupelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wenye mgogoro wa shamba huanzia Baraza la Ardhi la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, vyombo vilivyowekwa na sheria katika mfumo wa kutatua migogoro ya ardhi. Katika Mahakama ya Mwanzo, waliokaa pamoja na hakimu kwa miongo mingi waliitwa wazee wa baraza. Neno limebaki kila mahali isipokuwa katika jengo. Wazee wa baraza wapo. Baraza lenyewe halipo.

Katika Buha, desturi ya kuamua mambo hadharani ni ya kale. Kabla na wakati wa ukoloni, mwami na watwale wake walisikiliza mashauri mbele ya watu. Mwami Theresa Ntare wa Heru, katika eneo ambalo leo ni Kasulu, alikuwa miongoni mwa watawala mashuhuri wa jadi wa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na miongoni mwa wanawake wachache walioshika nafasi ya aina hiyo. Waingereza kwa upande wao waliwapa maofisa wa wilaya madaraka ya kimahakama, hivyo aliyekusanya kodi angeweza pia kuwa ndiye anayehukumu, chini ya paa moja la boma.

Mwaka 1963 machifu waliondolewa madaraka yao kisheria, na mwaka huohuo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mahakama za wenyeji na za serikali katika mfumo mmoja. Ulikuwa uamuzi wa msingi kwa taifa changa: raia wote, mahakama moja. Lakini majengo hayakubadilika kwa kasi ya sheria. Katika miji mingi ya wilaya, mahakama iliendelea kukaa jirani na boma na kituo cha polisi, na mwananchi wa kawaida aliendelea kuviona vyote vitatu kama kitu kimoja kiitwacho Serikali.

Ibara ya 107B ya Katiba inatamka kuwa mahakama zote zitakuwa huru katika kutekeleza mamlaka yake. Uhuru huo ni wa uamuzi, si wa ukuta. Pamoja na hayo, mlango nao husema. Mahakama ambayo mtu hulazimika kupita mbele ya polisi ili kuingia humpa ujumbe fulani kabla hajamwona hakimu; ile yenye lango lake yenyewe, lililo wazi kwa barabara ya umma, humpa ujumbe mwingine.

Ramani moja kwa nchi nzima

Mpango wa ujenzi wa Mahakama ulipoanza kushika kasi, changamoto kubwa ilikuwa gharama na muda. Jibu mojawapo lilikuja kwa teknolojia ya moladi kutoka Afrika Kusini. Jengo la mahakama la Kibaha, mkoani Pwani, lililokamilika mwaka 2016, lilikuwa la mfano. Katika teknolojia hiyo, badala ya kupanga tofali moja juu ya jingine, mafundi huunganisha vibao vya plastiki kuwa umbo la nyumba nzima, kisha humimina zege laini ndani yake. Zege likishika, vibao hufunguliwa na kutumika tena kwenye jengo jingine. Chuo Kikuu cha Ardhi na Baraza la Taifa la Ujenzi walishirikiana na Mahakama katika kazi hiyo.

Faida zake ni dhahiri. Ramani moja inaweza kurudiwa mara nyingi, usimamizi unakuwa rahisi, na jengo ambalo lingechukua miaka linakamilika kwa miezi. Kwa wilaya iliyokaa miaka mingi bila jengo la mahakama, jengo la haraka ni bora kuliko ahadi nzuri. Hoja hiyo ina nguvu na haipaswi kubezwa.

Lakini ramani inayorudiwa ina gharama yake isiyoonekana kwenye mkataba. Kibaha ni joto la pwani. Kasulu na Kibondo ni nyanda za juu ambako asubuhi za Juni na Julai watu huvaa makoti. Jengo linalotegemea feni na viyoyozi katika ukanda mmoja linahitaji jua la asubuhi na kinga ya upepo katika mwingine. Saruji inayosafirishwa hadi Kigoma hufika ikiwa na bei ya safari juu yake. Na ukuta uliomiminwa wote kwa pamoja si rahisi kuutoboa baadaye, mahakama inapohitaji mlango wa ziada au chumba kipya.

Kwa upande wa pili, vifaa vya asili navyo si jibu rahisi. Kasulu na Kibondo ni miji ya tofali za kuchoma. Tanuri za tofali zinaonekana pembeni mwa njia nyingi za vijijini. Tofali hizo ni imara, mafundi wake wapo na fedha hubaki kwa wananchi. Tatizo ni kuni. Wilaya hizi zimepoteza miti mingi kwa mashamba, mkaa na mahitaji ya kambi za wakimbizi. Serikali ikichoma msitu ili kujenga mahakama inayowahukumu wakata miti, itakuwa imejichanganya. Ndiyo maana tofali za kufungamana, zinazofinyangwa kwa udongo na saruji kidogo na kukaushwa bila moto, zinastahili kuangaliwa kwa uzito zaidi katika majengo ya umma ya nyanda hizo.

Umeme nao una somo lake. Hadi mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Anayekumbuka miaka ya jenereta anajua kwamba jengo lenye korido ndefu yenye giza haliwezi kufanya kazi umeme ukikatika. Leo Mahakama inaendesha mashauri kwa mifumo ya kielektroniki na baadhi ya vikao kwa njia ya video. Hatua hiyo imewaokoa wengi na safari. Hata hivyo, busara ya mjenzi ni kuhakikisha kuwa siku mtandao unapogoma, madirisha bado yanaleta mwanga wa kutosha kusoma hati ya mashtaka, na simtanki limejaa maji yaliyovunwa kutoka kwenye paa.

Njia tatu zisizokutana

Wabunifu wa majengo ya mahakama duniani hukubaliana katika kanuni moja: kuwe na njia tatu. Moja ya mahakimu, moja ya mahabusu na moja ya umma, na zikutane ndani ya chumba cha mahakama tu. Kanuni hiyo si anasa. Hakimu anayepishana koridoni na ndugu wa mshtakiwa anaweza kuwa hajasema nao neno lolote, lakini upande wa pili ukiona utahesabu kuwa kuna jambo. Shahidi wa kesi ya ubakaji anayelazimika kukaa benchi moja na familia ya mtuhumiwa anaweza kubadili maneno yake kabla jina lake halijaitwa. Bunge lilitunga Sheria ya kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Ulinzi huo hauna maana ikiwa jengo lina mlango mmoja.

Watoto wanahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mashauri yao yasikilizwe faraghani, na inakataza mtoto aliye chini ya ulinzi kuchanganywa na watu wazima. Katika jengo lenye chumba kimoja cha mahabusu, askari hubaki na uamuzi mgumu: amfungie mtoto wa miaka 14 pamoja na watuhumiwa wa ujambazi, au amweke koridoni mbele ya macho ya watu. Sheria imeshaamua. Ramani ndiyo inayochelewa.

Wapo pia wenye ulemavu, ambao Sheria ya mwaka 2010 imewapa haki ya kuyafikia majengo ya umma. Ngazi tano za zege mbele ya mahakama humpendezesha mpiga picha siku ya uzinduzi. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ngazi hizo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kusikilizwa.

Vilevile, Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Usuluhishi hauwezi kufanyika kizimbani. Unahitaji chumba kidogo chenye meza ya mviringo na viti vya kimo kimoja, mahali ambapo ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao wanaweza kuzungumza bila hadhira. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo imewatambua wasaidizi wa kisheria, lakini msaidizi asiye na chumba hutoa ushauri wake chini ya dirisha la masijala, kila mtu akisikia.

Kizimba na lugha

Neno jingine linalostahili kutazamwa upya ni kizimba. Kwa asili ni tundu la kufugia kuku au kufungia mnyama. Katiba, katika Ibara ya 13(6)(b), inasema mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa analo. Bado katika vyumba vingi vya mahakama mshtakiwa husimamishwa ndani ya uzio wa mbao, mbali na yeyote anayeweza kumsaidia, macho yote yakimwelekea. Zipo kesi ambazo usalama unadai hivyo. Lakini mama anayeshtakiwa kwa kupika gongo hahitaji uzio. Kiti na meza vinatosha, na karatasi ya kuandikia kile anachokisikia.

Kwa Kasulu na Kibondo, kusikia kuna upana wake. Tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993, wilaya hizo zimepokea mawimbi ya wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Zaire ya wakati huo. Mtabila, nayo ya Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015, Burundi ilipoingia katika mgogoro mpya. Kwa miaka hiyo yote, mahakama za wilaya zilipokea washtakiwa na mashahidi waliozungumza Kirundi, Kifaransa au Kiswahili cha Kongo, pamoja na wazee wa Kiha ambao Kiswahili chao ni cha sokoni.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyowapunguzia mzigo mamilioni ya wananchi. Mkalimani, hata hivyo, hajaondoka. Ramani nyingi humsahau: hana kiti, husimama kati ya kizimba na meza, akimpa mgongo mmoja wa wale anaowatafsiria. Kumpangia mahali pake, karibu na shahidi na mbele ya hakimu, hakuongezi gharama. Kinachohitajika ni mchoraji kujua tu kwamba yupo.

Hoja ya usalama

Wapo watakaosema kuwa wazo la mahakama yenye vibaraza na milango iliyo wazi ni la kizamani na la hatari. Hoja yao haiwezi kupuuzwa. Juni 2024 nchini Kenya, Hakimu Mkuu Monica Kivuti alipigwa risasi na ofisa wa polisi katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, alipokuwa akiendesha mashauri katika eneo la muda nje ya jengo la kudumu. Alifariki dunia siku chache baadaye. Tukio hilo liliwaamsha wengi Afrika Mashariki kuhusu usalama wa mahakimu.

Lakini funzo la Makadara linahitaji kusomwa vizuri. Hatari ilikuwa katika kukosekana kwa jengo stahiki: hakimu hakuwa na njia yake, hakuwa na kizuizi kati yake na umma, na hapakuwa na mlango wa dharura nyuma yake. Njia tatu zilizotajwa hapo juu ndizo jibu. Jengo linaweza kumlinda hakimu na wakati huohuo kumkaribisha mwananchi. Kibaraza kipana mbele hakizuii mlango wa hakimu kuwa nyuma.

Mifano ipo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa jijini Johannesburg Machi 2004, ilijengwa mahali palipokuwa gereza, baadhi ya matofali ya mahabusu ya zamani yakitumika tena, na nembo yake ni watu waliokusanyika chini ya mti. Nchini Tanzania, majengo ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yalizinduliwa Lakilaki, Arusha, Novemba 2016. Badala ya mnara mmoja yalijengwa majengo madogo matatu, chumba cha mahakama kikiwa katikati kama mti wa kijiji. Chombo kilichoshughulika na makosa mazito kuliko yote hakikuhitaji ghorofa ili kuheshimiwa.

Swali la nani anaulizwa

Kiini cha mjadala huu kiko zaidi katika utaratibu kuliko katika usanifu. Nchi ina wabunifu majengo waliosajiliwa na bodi yao, ina sheria ya ununuzi wa umma na ina wahandisi. Kinachohitajika ni hatua moja kabla ya kalamu kugusa karatasi: mchora ramani akae siku mbili katika mahakama inayofanya kazi, Kasulu siku ya mnada na Kibondo siku ya mvua. Aone karani anaitaje majina. Aone mama mwenye mtoto mchanga anakwenda wapi. Aone mahabusu wanashushwaje kutoka kwenye gari, na mashahidi wanakimbilia wapi radi inapopiga.

Akitoka hapo, atajua kwamba pesa ya kwanza iende kwenye dari inayozuia sauti ya mvua, kinga ya radi, upenu mpana kuzunguka jengo, vyoo vya umma, na vyumba viwili vya ziada: kimoja cha watoto, kimoja cha usuluhishi. Ikiwa fedha zitabaki, ndipo zije nguzo ndefu na vioo vya rangi.

Barabara nayo inabadilisha hesabu. Mradi wa lami wa takriban kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unafupisha safari ambazo zamani zilikuwa za siku nzima. Mahakama zinazotembea, zilizozinduliwa Februari 2019 kwa kuanzia Dar es Salaam na Mwanza, zimeonyesha kuwa si kila shauri linahitaji jengo kubwa. Huenda nyanda za juu Kigoma zinahitaji majengo mengi ya kiasi, yaliyo karibu na watu, kuliko machache ya fahari.

Uamuzi huo utadumu. Hakimu huhamishwa baada ya miaka michache, na sheria hurekebishwa Bunge linapokaa, lakini ukuta uliowekwa vibaya leo utawasumbua wajukuu wa waliouweka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mahakama, labda waongezewe neno moja: kabla hujaingia ndani, tazama kwanza waliokaa nje, na kama wana pa kukaa.